Fundi wa Kunyamazisha

Kila Jumatatu fundi wa jengo hufika mapokezi na kitambaa begani, akasimama mbele ya kisanduku cha ukutani chenye mashine ya kushtua moyo uliosimama. Hukipulizia kioo pumzi, hukipangusa, kisha hujitazama meno humo. Huo ndio ukaguzi, umekwisha. Mama wa mapokezi humtazama kwa pembe ya jicho na kusema kimoyomoyo: debe tupu. Leo mashine ilikuwa inalia, tii, tii, kama kifaranga aliyepotezana na mamaye. Fundi alikunja uso, akaifungua, akachomoa betri na kuitia mfukoni.

“Umeona? Imepona,” alisema, vidole vyake vinene vikirudisha kifuniko kwa madaha.

“Ilikuwa inalilia betri mpya, baba. Sasa mtu akianguka?”

“Dada, tangu lini mtu akaanguka hapa? Acha uchuro.”

Akapanda ngazi akipiga mluzi. Kabla ya kona, mluzi ukakatika. Mama wa mapokezi aliinua macho: fundi ameegemea ukuta, mkono kifuani, jasho linamtiririka, anahema kama mvukuto. Akageukia kisanduku. Kioo kilikuwa kinang’aa, hakina hata doa.