Mstari wa Kijani

Wiki iliyopita nilirudi Masanze na binti yangu mgongoni, mama apate kumwona mjukuu. Nilipomwambia kwamba Jumatatu tunakwenda kliniki kwa chanjo ya surua, aliingia ndani akatoka na kadi ya zamani iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Mdogo wako alichanjwa hiyo hiyo," akasema. "Ikamfaa nini?"

Akaniwekea kadi mapajani. Mwenzangu, nilitamani ardhi inimeze, maana kadi ile naijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa kibarua kwenye shamba la mbegu Kilangali, nyumbani anakuja kwa nadra, na mimi na mdogo wangu wa kiume tulilelewa na bibi. Asubuhi nilichota maji, nikawasha moto, nikakoroga uji mweupe usio na kitu zaidi ya chumvi. Hadi leo nikisikia harufu ya uji ulioshika chini ya sufuria, namwona bibi akipuliza kijiko kabla ya kumlisha mdogo wangu.

Siku ya kliniki ilikuwa kama sikukuu. Wanawake walivaa khanga zao za kutokea, wakaimba nyimbo za lishe na chandarua, na watoto wakatundikwa mmoja mmoja kwenye mzani uliofungwa kwenye boriti ya baraza la zahanati, miguu ikipigapiga hewani. Nesi alitaja kilo kwa sauti kisha akatia nukta kwenye kadi. Kijani, mtoto mzima. Kijivu, angalia. Nyekundu, hatari.

Mdogo wangu aliangukia nyekundu. Nesi alimfokea bibi mbele ya watu, lakini lililomchoma lilitoka kwenye benchi nyuma yetu: "Huyo kabemendwa." Kwetu maana yake mama ametembea na wanaume wakati wa kunyonyesha, na mtoto ndiye anayekonda kwa ajili hiyo. Mama yangu, aliyekuwa akivunjika mgongo Kilangali ili sisi tule!

Mwezi uliofuata bibi alimchukua mtoto wa jirani yetu mfugaji, mama aliyehamia kutoka kanda ya ziwa. Jirani alikuwa akituachia mwanawe kila akienda shambani, na mtoto huyo alilingana umri na wetu, ila amenona kwa maziwa. Bibi akamfunga mgongoni, akashika kadi ya mdogo wangu. Mimi nikaambiwa nibaki na wetu.

"Afadhali niudanganye mzani kuliko mwanangu, mama yenu, atukanwe," akaniambia.

Alirudi anacheka peke yake. Nesi alikuwa amemsimamisha mbele ya wote aeleze uji wake. "Nimewaambia karanga, dagaa, na yai kila siku," bibi akaniambia. "Yai gani, na kuku wangu mwenyewe ni jogoo!" Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Ikawa ndiyo desturi yetu, mwezi baada ya mwezi, na mstari ukapanda vizuri kwenye kijani.

Mama alipokuja alishtuka kuona mbavu za mwanawe. Bibi akampa kadi. Mama hakusoma sana, ila rangi alizijua. Akaiamini kadi kuliko macho yake, akarudi kazini.

Mdogo wangu alipofika miezi tisa, siku ya chanjo ya surua, mguu wa bibi ulikuwa umevimba. Nikatumwa mimi na mtoto wa jirani mgongoni.

"Huyu ndiye mdogo wako?" nesi akauliza.

"Ndiye."

Akamchoma sindano mkono wa kushoto. Mtoto akalia, nikambembeleza kwa jina la mdogo wangu.

Masika ilipokolea surua ikaingia kijijini. Tulimpeleka wetu zahanati akiwa na vipele mwili mzima, macho mekundu, anapumua kwa shida. Nesi alitazama kadi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Bibi, yule mliyekuwa mkimleta ni wa nani?"

Bibi alikaa chini sakafuni. Nilisubiri nesi afoke, lakini hakufoka. Alituandikia twende Kilosa, na siku ya tatu mdogo wangu alifia wodini. Mama alifika na tope la Kilangali miguuni, akauliza swali moja tu: "Si alichanjwa?"

Mzani wa boriti haupo tena, siku hizi wanatumia wa namba. Bibi naye ametangulia. Mtoto wa jirani ni kijana wa miraba minne, ana gereji ndogo Mikumi, na tukikutana huniambia, "Shikamoo, dada." Naitikia marahaba, macho yakikimbilia mkono wake wa kushoto.

Binti yangu nilimpeleka Jumatatu, akachanjwa. Lakini mama anawaambia majirani kwamba sindano hazifai kitu, na wapo wanaomsikiliza, wana watoto wachanga. Najua ninachopaswa kusema. Jioni ile aliponitolea kadi nilifungua kinywa nimwambie yote. Alikuwa ameikunjua kadi, kidole kikipanda polepole juu ya mstari wa kijani, nukta kwa nukta. Picha ya mdogo wangu hatuna hata moja.

"Miezi hiyo sikuwepo," akasema, "lakini tazama mwanangu alivyokuwa amenona."

Nikanyamaza. Mtoto huyo wa kwenye kadi ndiye pekee aliyembakia wa kumkumbuka.