Baba Alipokuwa Akilala Mchana

Wiki iliyopita mkwe wangu, mke wa mwanangu anayekaa Raskazone, alinipa chumba cha kupumzikia. Chumba hasa, sina la kulalamika. Mapazia mazito, kiyoyozi, dirisha la kioo lililobanwa sawasawa, hata bodaboda huzisikii. "Lala, mama, hapa hakuna wa kukusumbua." Nikalala chali, macho kodo. Adhana ya alasiri sikuisikia. Nilijua imepita kwa kutazama saa.

Basi, mwenzangu, nikamkumbuka baba.

Miaka ya hamsini tulipanga vyumba viwili Ngamiani, katika nyumba ya ukumbi katikati, wapangaji huku na huku na ua nyuma. Baba alifanya kazi stesheni, kubadili njia za treni, na mwaka mmoja walimtia zamu ya usiku. Siku moja akasinzia. Mungu alimsitiri, treni haikuwa karibu, lakini msimamizi alimkuta kichwa kimeinama, akamwambia akimkuta tena asirudi. Kwa hiyo ilikuwa lazima baba alale mchana. Asipolala, kazi hana, na sisi pa kukaa hatuna.

Mama akakivalia njuga chumba. Asubuhi baba hajarudi, godoro la sufi limeshaanikwa juani mpaka limefura. Kamba za kitanda zimekazwa, nyufa zake zimemwagiwa maji ya moto, na miguu yake imesimamishwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa ili kunguni wasipande. Shuka zimetiwa buluu ya kufulia. Sakafu ya udongo mimi niliinyunyizia maji nikaifagia kuelekea mlangoni, na nikiacha hata unyoya mmoja wa kuku narudishwa. Dirishani ilitundikwa kanga iliyoloweshwa, chini ya mto likawekwa fungu la asumini. Masanduku, cherehani na nguo za kufua vyote vilihamia chumba chetu sisi watoto, tukalala tumebanana na mapembe ya masanduku yakituchoma mbavu. Ukijaribu kuegemea kile kitanda cha baba, mama alikuwa na neno lake moja: "Kitanda si benchi!"

Baba akirudi tunampa shikamoo, anaoga, anakunywa chai, anaingia ndani. Mlango unafungwa. Tunasikia kamba za kitanda zikilia. Anageuka huku. Anageuka kule. Akitoka jioni macho mekundu kama pilipili, na mama anamtazama anavyovaa viatu.

Mama akaona ni kelele. Akampitia kila mpangaji kuomba radhi na kimya. Jirani yetu wa chumba cha nyuma alikuwa akiuza vitumbua, na mchana ndio wakati wake wa kutwanga mchele. Akahamisha kinu hadi nyumba ya pili. Mbuzi ya nazi ikatiwa uvunguni. Jogoo akapelekwa kwa shangazi. Sisi watoto tulitembea kwa kunyata, tukikohoa ndani ya kanga, na wageni walipigiwa ishara ya kidole mdomoni hata kabla ya hodi. Baba akazidi kukonda.

Siku moja, jua limesimama, tumekaa uani kama mabubu, mlango ukafunguka kwa kishindo. Baba huyo, ameshika msuli aliojifunga kiunoni kwa mkono mmoja, jasho linamtoka.

"Nani kafa?"

Mama akainuka.

"Niambieni! Nani kafa?"

"Hajafa mtu," mama akasema. "Tumenyamaza wewe upate kulala."

"Kulala! Nyumba ya watu wote hawa ikinyamaza hivi ni nini kama si msiba? Mimi mle ndani kila nikifumba macho nauliza, leo ni nani, mbona hawaniambii?" Akamgeukia jirani, ambaye kicheko kilikuwa kimemkaba. "Dada, kinu chako kiko wapi?"

"Nitwange, shemeji?"

"Twanga, nakuomba."

Kinu kikarudi. Mama akaitoa mbuzi uvunguni, akakaa, akaanza kukuna nazi. Kinu kinagonga, nazi inakwaruza, wanawake wanazungumza kwa sauti ya kawaida kuhusu bei ya dagaa. Nazi ya pili haijaisha tukamsikia baba anakoroma. Mama alikuna huku anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, na hakuacha kukuna.

Chumba kiliendelea kutunzwa vilevile, asumini na buluu, na baba hakukutwa tena akisinzia. Alikula mshahara wa stesheni mpaka alipostaafu. Lakini lililobaki moyoni mwangu ni la yule jirani. Kuna siku mchele wake uliisha mapema, na alijua kinu kikinyamaza baba atashtuka. Nilimkuta anatwanga kinu kitupu, polepole, anasubiri alasiri baba aamke. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Pale Raskazone nilinyanyuka nikafungua mlango wa chumba. Nikamwita mkwe wangu, nikamwuliza kama leo hatupiki cha nazi. "Tunapika, mama," akasema, akanionyesha tui la pakiti, tayari imeshakatwa ncha kwa mkasi. Nikamshukuru, nikarudi kitandani. Mlango niliuacha wazi, nikatega sikio. Nyumba nzima kimya, na hakuna aliyekufa.