Pua ya Mama Unga

Chuoni wanafunzi walimwita Mama Unga. Alifundisha sayansi ya chakula, na miaka yake yote ya utafiti aliimalizia kwenye jambo moja: biskuti za unga wa maharage kwa watoto waliodhoofika kwa utapiamlo. Akifungua mfuko wa unga na kuunusa mara moja, alikuambia kama umekaa hadi kuharibika.

Kisha akaugua mafua makali. Alipopona yeye, pua haikupona. Kahawa ikawa maji ya moto tu, na vitunguu vikabaki vitu vya kumliza.

"Itarudi," daktari alimwambia, kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

Kazini aliona haya kusema. Akawa anabeba biskuti nyumbani ili mumewe, fundi cherehani, amwonjee.

"Inakuwaje, Baba Mapacha?"

"Tamu."

"Na hii?"

"Hii nayo tamu."

Basi akazipeleka wodi ya watoto kwa moyo mkunjufu. Binti mdogo aliyepakatwa na bibi yake akatafuna kidogo, akatema kiganjani mwa bibi. Wa pili naye akatema. Muuguzi akaonja, akageukia dirishani.

Jioni ile Mama Unga alimkuta mumewe akitunga uzi kwenye sindano.

"Baba Mapacha, umenidanganya."

Mume akaiweka sindano chini. "Mama Mapacha, tangu uugue hucheki. Nikisema tamu, unakaa mezani nasi, unapiga soga. Ningesemaje?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka kwanza, machozi yakafuata.

Kesho yake alimweleza mkuu wa idara ukweli wote, akaomba ruhusa ya kumleta mumewe kwenye chumba cha kuonjea. Humo akamfundisha kama mwanafunzi yeyote: sukutua kwa maji, onja vipande vitatu, viwili ni ndugu, mtafute mgeni. Mwanzoni fundi alibahatisha tu. Hadi siku moja alikunja uso.

"Hiki kinanuka gunia lililolowa."

Mama Unga alielewa mara moja. Hiyo ilikuwa harufu ya maharage yasiyoiva sawasawa kabla ya kusagwa. Zamani aliyapiga mvuke na kuyaepua pua yake ilipomwambia yako tayari. Tangu augue alikuwa akikisia. Akaanza upya, safari hii kwa saa na kipimajoto, mumewe akionja na kukosoa kila mkupuo, mpaka gunia likatoweka.

Wodini watoto walikula. Mmoja alificha biskuti ya pili chini ya mto, muuguzi akajifanya hakuona. Na kwa kuwa sasa kazi haikutegemea pua ya mtu, vyuo vingine viliomba maelezo, vikaoka vyenyewe, biskuti zikatoka vilevile. Mwaka uliofuata akapandishwa kuwa profesa.

Pua ilirudi nusunusu. Asubuhi nyingine hunusa sabuni, nyingine hakuna kitu. Mumewe naye, ulimi umeshanolewa, hauwezi tena kunyamaza.

"Mchuzi huu chumvi imezidi, Profesa."

"Nani kakuuliza?"

"Si ulinifundisha mwenyewe?" alisema, akisogeza sahani aongezwe.