Maiti Murefu wa Njia ya Pweto

Muhindo anaweka jogoo yake dau: hakuna muntu atasadiki hii hadisi yake. Vita ilikuwa inakaribia Pweto, bibi na batoto yake balikuwa kule, na bwato ya tanga ya kubavusha ziwa ilivunjika mulingoti. Akachongesha mupya Lubumbashi, akaupandisha mu kamyo ya mizigo. Juu ya magunia mulikuwa mama moja wa Katuba, mutaa ya Lubumbashi, muuza chumvi, Muhindo hata jina yake hajue. Kila mara anafungula fundo ya kikwembe yake, kitambaa ya kiunoni, anafunga tena. Akikuomba maji, ni kama anaimbisha kwaya.

Pa bariyere, kizuizi ya njia, basoda ba bunduki balikuwa bananyanganya miti yote, bapikie. Mama akafunga mulingoti mu mukeka yake, akaukumbatia, akaanza kilio. Basoda bakatosha kofia ku kichwa.

“Pole, mama. Lakini marehemu alikuwa murefu hivi?”

“Na tena tulimukunja magoti, mutoto yangu.”

Bakafungula njia. Muhindo akacheka mpaka kulala juu ya magunia. “Mama, acha sasa, tulishapita.”

“Wacha nimalize, papa,” akasema, anafunga fundo. “Bwana yangu alipokufa, habakuniacha nimulilie.”

Mulingoti ilifika, bibi na batoto bakavuka. Muhindo alifikiri ile machozi ni ya mchezo. Apo alikosea.