Nilisimama kanisani kupinga tangazo la ndoa yangu, sababu jeshi letu liliombwa libaki Uganda

Wakuu, kamwene.

Nimesoma ule uzi wa jana kuhusu nchi iliyotoka vitani inayoomba majeshi ya wenzao yakae miaka na miaka, pamoja na madaktari, walimu na mbegu. Kuna mkuu mmoja kajibu kwa kifupi tu, "wapelekwe, vijana wapo."

Vijana wapo wapi, mkuu? Wapo kabatini?

Mimi ni bibi wa Ipogolo, Iringa. Naandika kwa kidole kimoja na miwani ya kuazima, kwa hiyo mnivumilie. Haya yalinikuta mwenyewe, na mashahidi wengine bado wako hai, tunasali nao jumuiya moja.

Mwaka ule wa vita ya Uganda nilikuwa mchumba wa Elia, dereva wa lori la mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa. Kwao walikuwa wafugaji waliohamia bonde la Usangu kutoka kaskazini. Ng'ombe wa mahari waliletwa kwetu kwa lori hilohilo, na mmoja akaingia jikoni kwa mama akala unga. Familia zote mbili zikacheka, tukajua tumeshaungana.

Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Mchungaji anasoma majina, kisha anauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Sisi tulitangazwa mbili. Kabla ya ile ya tatu Elia akachukuliwa mgambo, akaenda vitani.

Sikulalamika. Tulikuwa tumevamiwa, na mtu anayekwenda kulinda nchi humshikilii mlangoni.

Vita ikaisha. Wenzake wakaanza kurudi, tukawapokea kwa ngoma na pombe ya ulanzi. Elia hakuwemo. Mwenzake mmoja akaja nyumbani kuniambia.

"Shemeji, yupo mzima. Serikali mpya ya kule haina jeshi wala polisi wa kueleweka. Imeomba wetu wabaki, na madereva ndio wanatakiwa kuliko wote."

"Mpaka lini?"

"Hatukuambiwa."

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na sijamaliza.

Kwao Rujewa nao wakachoka. Ng'ombe wametoa, mke hawamuoni. Wakaja kwa baba na pendekezo kwamba mdogo wake Elia anioe badala yake.

Zamani mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu lilikuwa jambo la kawaida, hilo mnalijua. Lakini mume awe amekufa, jamani! Hawa walitaka nirithiwe wakati mwenyewe yuko Kampala, anakula na kunywa.

Baba akakubali. "Mwanangu, mimi niwajibu nini? Tarehe ya kurudi huna." Wazee wakamwambia mchungaji kwamba nimeridhia. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Jumapili niko kwenye kwaya, sauti ya pili, nikasikia jina langu likisomwa pamoja na la shemeji yangu. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Nikasimama. "Ninalo mimi."

Mchungaji akavua miwani. "Wewe si ndiye bibi harusi?"

"Ndiyo, Baba Mchungaji. Nilishatangazwa humu mara mbili na Elia, na Elia hajafa. Ile ya tatu iko wapi?"

Mama akaanza kulia. Shemeji yangu, maskini, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Kumbe naye hakuulizwa. Tangazo likafutwa palepale.

Nyumbani moto ukawaka. Baba akanipa sharti moja, nilete neno la uhakika kwamba Elia anarudi kabla ya mavuno. Nisipolileta, naenda Rujewa kwa mdogo mtu nikipenda nisipende.

Neno la uhakika nilitoe wapi?

Siku chache baadaye tukaitwa mkutanoni uwanjani. Mgeni kutoka ile serikali mpya alikuwa anapita kwenda Rujewa kuona mashamba ya mpunga wa kumwagilia, maana walihitaji na mbegu na mabwana shamba. Alikuwa mpole, shati limemzidi mwili, Kiswahili chake cha taratibu.

Akashukuru sana. Kisha akasema wanaomba askari wetu waendelee kukaa, wawafundishe jeshi na polisi, na madaktari na walimu wafuate, kwa miaka ijayo. Katibu wa chama akapiga makofi, nasi tukapiga.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza ni miaka mingapi.

"Binti, kaa chini," katibu akasema. "Hayo ni mambo ya nchi."

"Nchi hiyo ina mchumba wangu, ndugu katibu."

Mgeni akamzuia katibu kwa mkono. "Dada, nikikutajia tarehe nitakudanganya. Askari wenu wakiondoka leo, kesho tutauana."

Alisema kweli, na kwa hilo namheshimu. Lakini sikukaa. Nikamwambia, "Hata anayeazima jembe husema atarudisha lini. Tena humwomba mwenye jembe. Sisi nani alituomba?"

Mgeni akaniuliza, "Anaitwa nani huyo wako?"

Nikalitaja jina la Elia kwa sauti. Nyuma yangu mama mmoja muuza vitumbua akasimama, akataja la mwanawe. Akafuata mwingine, akataja la mumewe. Ikawa hivyo, wanawake wa Ipogolo wanasimama na kutaja majina, katibu anagonga meza, mgeni kavua kofia, anasikiliza mpaka jina la mwisho.

"Nitayafikisha," akasema.

Baba alikuwepo pale. Kesho yake alituma ujumbe Rujewa, ama wangoje, ama waje wachukue ng'ombe wao. Wakangoja.

Elia alirudi mwaka uliofuata, amekonda. Sitasema ni kwa ajili ya mdomo wangu, zamu yao ilibadilishwa tu. Alinieleza alivyokuwa akipeleka mahindi kwa watu wenye njaa, na kwamba angeombwa vizuri angekubali kubaki.

Nikamjibu, "Na mimi ningeombwa vizuri ningekuruhusu." Tulinuniana siku nzima.

Wakuu, sipingi kusaidia jirani aliyeungua nyumba. Ninachosema, anayetaka mtu wako akae ugenini kwa ajili ya amani ya wengine aje akuombe wewe, aseme mwisho ni lini. Kama hajui, akwambie usoni kwamba hajui. Kila kijana "aliyepo" ana mtu anayemngoja.

Waliongojea wenzao miaka ile, semeni. Na wewe wa "vijana wapo", njoo hapa unijibu, siogopi matusi.

Halafu nilitaka kusahau. Ile Jumapili ya tatu tuliipata. Mchungaji akasoma majina yetu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Kanisa zima likageuka kuniangalia mimi.