Minyoo 43 kwenye kioo: nilivyoua samaki wa dada yangu kwa makaa ya kupikia

Wakuu, salama huko mliko.

Naandika kutoka Lubumbashi, kwa hiyo mkikuta Kifaransa kimekaa katikati ya sentensi, kipisheni. Kisa chenyewe sitakitia chumvi. Chumvi yote niliyokuwa nayo iliishia kwenye aquarium, na haikutosha.

Aquarium, tangi la kioo la samaki, ni ya dada yangu mkubwa, yaya Mado. Iko kwenye saluni yake ya nywele, Kamalondo. Ni ya maji ya bahari, na korali hai, yaani matumbawe, ndani. Ndiyo, bahari, huku ambako kuifikia ni siku nyingi za lori. Wateja wanakuja kusuka, wanamaliza, hawaondoki.

Roho yake ilikuwa kwa samaki wawili: poisson-clown, jike na dume, rangi ya machungwa. Aliwanunua wakati macho yake yameshaingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Miaka miwili amewalisha samaki ambao hajawahi kuwaona vizuri.

Siku ya kwenda kufanyiwa operesheni Lusaka, ambako angekaa kwa binti yake miezi miwili, aliniambia:

"Unichungieko samaki yangu. Ntarudia na macho ya mupya, nataka nibaone muzuri."

"Enda tu, yaya. Utabakuta bote."

Mimi ni mtu wa kuhesabu. Mayai nahesabu mara mbili, hata akiyauza mama yangu mzazi. Nikahesabu mali niliyoachiwa: clown wawili, samaki mdogo mmoja wa kukaa mchangani, konokono watano. Nikarudia. Sawa.

Wiki ya pili nikataka kumfurahisha. Kuna jamaa anayeleta korali, nikanunua moja, nikambana mpaka akaniongezea kipande cha jiwe. Huku kwetu ukinunua bila kuongezewa ni kama umenunua nusu. Nilirudi saluni natembea kama mshindi.

Minyoo ilikuwa kwenye lile jiwe la nyongeza.

Minyoo bapa, wakuu. Midogo kuliko punje ya mchele, rangi ya kutu, inateleza juu ya kioo kama haina haraka. Baada ya wiki tatu ikaanza kupanda juu ya korali, na korali zikaanza kujikunja. Nikahesabu ile ya kwenye kioo cha mbele: 43. Nikarudia: 43. Nikajiambia, 43 si jeshi, ni familia.

Hapo ndipo nilipokosea kwanza. Nilihesabu ile iliyojileta mbele. Nyuma ya mawe sikuchungulia.

Nikasoma kwenye forum moja ya Wafaransa. Dawa ni levamisole, ile ya minyoo ya mifugo. Kabla ya kuitia, nyonya minyoo mingi kadiri uwezavyo kwa mpira wa maji, kwa sababu ikifa inatoa sumu. Kisha tayarisha maji mapya mengi, na weka charbon ya kunyonya ile sumu.

Nikaenda kwa papa mmoja, mzee anayeuzia wafugaji wa Kasungami dawa.

"Mbuzi yako iko na kilo ngapi?" akauliza.

"Haiko mbuzi, papa. Iko aquarium. Litre mia mbili."

Akanitazama. "Mbuzi ya litre mia mbili, miye siyaonaka."

Akanipimia, lakini dozi ya kwenye maji hakuijua, na aliniambia wazi kwamba haijui. Hilo simlaumu. Dozi niliitoa kwenye forum, na niliifuata.

Kunyonya kwa mpira nikaruka. Minyoo 43, nichafue sakafu ya saluni kwa nini?

Na charbon... Jamani, charbon huku ni makala, makaa ya kupikia. Kila kona kuna mama na gunia lake, yanashuka kutoka njia ya Kasomeno. Nikanunua, nikaongezewa vipande viwili, nikayaosha, nikayafunga kwenye soksi mpya, nikayatundika karibu na pampu. Kumbe iliandikwa charbon actif, na hiyo ni kitu kingine kabisa, inatengenezwa kwa kazi hiyo. Nilisoma mara mbili. Mara zote mbili lile neno la pili nililipita.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wateja, nikatia dawa.

Dakika kumi, minyoo ikaanza kutoka. Nyuma ya mawe, chini ya korali, ndani ya mchanga. Mamia, halafu sikuweza tena kuhesabu. Inajikunja, inaanguka, maji yanageuka rangi ya chai. Soksi yangu ya makala ilining'inia pale, haina habari.

Samaki mdogo alilala wa kwanza. Jike na dume walipanda juu wakawa wanahema kwenye uso wa maji, mmoja pembeni ya mwingine. Nilikuwa nimetayarisha ndoo mbili za maji. Nikazimaliza. Chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha, na ile ya jikoni haifai. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimewatoa wote kwa kijiko.

Konokono watano walipona. Wote watano.

Sasa sehemu inayoniuma. Sikumpigia simu yaya. Nilisafisha, nikabadilisha maji, nikanunua charbon ya kweli, nikaagiza clown wengine wawili wa ukubwa uleule, na mdogo mwingine wa mchangani. Nilijiambia: hajawahi kuwaona, atajuaje?

Akarudi. Akavuta kiti mbele ya kioo.

"Kumbe biko na mistari tatu," akasema. "Miye nilikuwa naona tu kitu ya rouge inapita."

Siku mbili alifurahi hivyo. Siku ya tatu akaingiza kidole majini, akangoja. Samaki wakakimbilia nyuma ya jiwe.

"Hii haiko yenyewe. Ile mukubwa ilikuwa inaniumaka kidole."

Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha: "Na ukaniacha niko nasifu ya bengine."

Akaomba picha ya wale wa kwanza. Nikatafuta kwenye simu. Ninazo kumi na moja, zote nilipiga ili nihakikishe hesabu ya minyoo. Katika moja tu, nyuma ya minyoo, kuna mkia wa machungwa umepita. Yaya akaikuza, akaisogeza karibu na macho yake mapya.

"Huyu ni ule wa kuuma, ao ni ule mwingine?"

Sikujua.

Wakuu, somo ni hilo. Chungulia nyuma ya mawe, nyonya kwanza, soma maneno yote mawili. Na ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo, ukingali na cha kumwambia.

Juzi yaya ameona mnyoo mmoja kwenye mchanga, kabla yangu. Amenikataza kugusa chochote mpaka niulize wenye uzoefu. Kwa hiyo nauliza: mnaanzia wapi mnapomwona wa kwanza? Wenye kutaka kunicheka wanicheke, ila wajibu kwanza. Majibu yenu nitamsomea yaya mimi mwenyewe.