Mistari Ine Kwenye Feza ya Babeleji

Mie natengenezaka masaa hapa Mubambiro, na nilizania mu feza za zamani hakuna muntu wa kunifundisha. Juzi mama mumoja aliyekimbia vita kule Bihambwe alileta maziwa ya kuuzisha, mutoto mu mugongo, na mu shingo yake kamba yenye feza ya chuma ya Babeleji, ile ya tundu katikati. Nikaishika bila kuomba, nikatia lupu mu jicho, ile kioo ya kukuzisha vitu vidogo. Kando ya mwaka kulikuwa mistari ine.

«Mashini ya Babeleji ilikosea!» nikapandisha sauti, batu bote basikie. «Mama, uko na bahati, feza ya makosa inauzwa bei kali!»

«Hapana, Papa. Njo marehemu bwana yangu aliichora na musumari. Kila mutoto, mustari yake.»

Akageuka, nione mu mugongo ule mumoja aliyebakia. Kinywa yangu ilikuwa ingali inacheka.